Mguu wa Yvette

Januari 9, Alhamisi

Daftari hili nimepewa na Chepkoech, nesi Mkenya wa ghorofa ya tatu, niandike presha yangu asubuhi na jioni. Presha yangu Mungu anaijua. Karatasi ni nzuri, zina mistari, nitaandika mambo ya nyumba hii. Kuandika nilijifunza kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nikiwa na miaka arobaini na mitano, mwalimu Josué akitupiga vidole kama watoto. Herufi zangu zimelala upande kama walevi. Zinafika.

Leo Yvette amerudi na habari. Yvette ni mjukuu wangu. Mama yake tulimzika kwetu Fizi, mtoto nikamlea mimi, kwanza kambini, kisha hapa Crescent Town, Toronto. Anacheza baleti, ile ngoma ya kusimama juu ya ncha za vidole. Si mchezo wa watoto wa shule. Ni mchezaji mkuu katika kampuni ya ngoma mwaka wa sita sasa, amecheza mpaka Brussels na Tokyo. Lakini siku zote alicheza ngoma walizotungiwa wanawake waliokwisha kufa. Sasa wanamtungia yake. Inaitwa Mjane. Mtunzi anaikata juu ya mwili wake kama fundi anavyokata nguo juu ya mteja. Itafunguliwa mbele ya watu Machi kumi na tano. Anasema anayeifungua, jina lake linabaki na ngoma daima. Hata waje mia baada yake, wataambiwa hii ilikuwa ya Yvette.

"Na ukishaifungua?" nikamwuliza.

"Nina miaka thelathini na nne, Bibi. Nikishaifungua hiyo, wakitaka kunitupa wanitupe."

"Kula kwanza, mke mwenzangu. Mjane hukonda, lakini wewe umeanza kabla ya msiba."

Alicheka. Alikula vijiko vitano.

Januari 10

Theluji.

Januari 14

Miguu ya Yvette ni mibaya, sitasema uongo. Kuanzia juu mpaka kwenye kifundo ni malkia, chini ni mkulima. Kucha nyeusi, vidole vimepanda juu ya wenzao. Kila jioni naiweka kwenye beseni la maji moto na chumvi, halafu naikanda kwa mafuta ya mawese. Yeye anatazama simu. Mimi naongea. Hivyo ndivyo tunavyopendana.

Januari 22

Kampuni imemwekea mtu wa akiba, kama kwenye mpira. Anaitwa Shelina, binti wa Kihindi wa Thornhill, miaka ishirini na mmoja. Anasimama nyuma ya Yvette mazoezini akifanya kila anachofanya. Yvette akiinua mkono, naye. Yvette akiinama, naye. Yvette akiumwa siku moja, anasogea mbele hatua tatu.

Nimemchukia kabla sijamwona. Inaokoa muda.

Januari 23

Baridi ya kukata masikio. Sikutoka.

Februari 2, Jumapili

Nimekanda mguu wa kushoto, nikasita. Kwenye mfupa unaoshukia kidole cha pili kuna kinundu kama punje ya mahindi, na pana joto pale tu, si pengine. Nilipobonyeza, macho ya Yvette yaliacha simu. Kambini nimeunga mifupa ya watu walioanguka kwenye miti wakitafuta kuni, na ya wanawake waliopigwa na waume zao. Mshipa naujua na mfupa naujua.

"Huu ni mfupa," nikasema. "Una ufa."

"Ni mshipa."

"Usinifundishe. Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi."

"Daktari wa kampuni anajua?"

"Akijua atanivalisha buti la plastiki wiki sita."

Nikaenda kwenye kalenda ya kanisa, nikahesabu kwa kidole. Wiki sita kutoka leo zinaisha Machi kumi na sita. Ngoma ni kumi na tano. Mungu ana mizaha mingine si ya kuchekwa.

"Na usipopumzika?" nikauliza.

"Utashika wenyewe."

"Na usiposhika?"

Akautoa mguu mikononi mwangu, akaukalia. "Nipe mpaka tarehe kumi na tano, Bibi. Ngoma moja. Baada ya hapo uukate kwa panga ukitaka."

Nikampa. Naandika wazi: nilimpa. Nikachana shuka la zamani, nikamwonyesha jinsi ya kuufunga ndani ya kiatu, kitambaa kipite chini mara mbili kisikunjike.

Februari 3

Ameenda mazoezini. Amerudi. Hakuchechemea mbele yangu. Alingoja afike bafuni.

Februari 6

Mvua ya barafu. Nimekaa dirishani nikikumbuka mwaka wa tisini na sita. Tulikuwa porini, wenye bunduki wako nyuma, Yvette ana miaka mitano. Alikanyaga mwiba mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Akafungua mdomo. Nikauziba kwa kiganja, nikamwambia ukilia wataua watu wote hawa. Alitembea siku mbili na mwiba ndani ya mguu, hakulia. Watu walimsifu. Nilijivuna kama kwamba ni mimi niliyetembea.

Gazeti moja la hapa liliandika kwamba Yvette ana nidhamu ya ajabu. Chepkoech alinisomea. Nidhamu ndiyo ile.

Februari 8

Maji ya chumvi. Mawese. Kitambaa.

Februari 9

Maji ya chumvi. Mawese. Kitambaa. Mchungaji ameuliza mbona simleti Yvette kanisani. Nikamwambia aombee alipo, Mungu hahitaji nauli.

Februari 13, Alhamisi

Theluji imefika kwenye magoti, mabasi yamekwama. Saa kumi jioni mlango ukafunguliwa, akaingia Yvette, na nyuma yake msichana mwembamba mwenye koti la kijani, nyusi zimejaa theluji. Shelina mwenyewe. Alimleta kwa gari lake, na sasa hawezi kuondoka mpaka barabara ikwanguliwe.

Nikampa chai. Mgeni ni mgeni hata akiwa nyoka. Nikampa wali, maharage na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Alikula vizuri kuliko Yvette, hilo nakiri. Lakini mdomo wangu haukukaa. Nikamwambia Yvette kwa Kiswahili, huku namtabasamia mgeni:

"Huyu ndiye fisi wako?"

"Bibi, acha."

"Fisi mzuri. Ana meno meupe. Mwongezee maharage, asije akatamani mfupa wako."

Yvette akafunika mdomo kwa mkono, mabega yanacheza. Shelina naye akatabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba chakula ni kitamu.

"Na huo mguu uweke juu ya mto," nikaendelea. "Jana ule ufa ulikuwa umefunguka, nimeusikia chini ya kidole changu. Ukiendelea na ile miruko ya mwisho, mfupa utakatika kama muwa."

"Nimesema acha."

"Nani anasikia? Huyu? Watoto wa Toronto hata lugha za mama zao zimewashinda."

Shelina alimaliza chai. Akaosha kikombe chake mwenyewe, akakifuta, akakirudisha palepale nilipokitoa. Walipokwangua barabara akaaga kwa kuinamisha kichwa. Nikasema angalau ana adabu.

Februari 17

Yvette hakuenda, kampuni imepumzika. Amelala mpaka saa sita mchana. Nilikaa kitandani pake nikamtazama. Akilala anakuwa na miaka mitano.

Februari 25, Jumanne

Yvette alikwenda kupimwa nguo za ngoma. Mlango ukagongwa. Ni yule wa koti la kijani, peke yake.

"Shikamoo, Bibi."

Si shikamoo ya kujifunza kwenye simu. Ni shikamoo ya mtu aliyelelewa nayo.

"Marahaba," mdomo ukajibu wenyewe. Kisha nikashika mlango.

Akaingia, akavua viatu, akaniambia. Amelelewa na nanima wake, ndivyo wanavyomwita bibi mzaa mama. Jina lake Dolat, mtu wa Tanga, yupo nao Thornhill, na hajui kugombeza kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswahili. Mtoto anakisikia chote. Kukisema anaona haya, kwa hiyo huwa anajibu kwa Kiingereza.

"Ya fisi nilisikia," akasema. "Si kitu. Nanima ameniita zaidi ya hapo. Ya mguu pia nilisikia."

"Umemwambia nani?"

"Hakuna. Nikisema mimi, kampuni nzima itasema nimemchongea ili nipate nafasi. Na nusu yake itakuwa kweli. Sema wewe, Bibi. Wewe ni damu yake."

"Na nisiposema?"

Akatazama soksi zake. "Nitangoja."

"Kama fisi."

"Kama mtu wa akiba. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Siitaki ngoma hiyo kwa kusema. Ikija kwa kungoja, nitaipokea."

Angeniambia anamwonea Yvette huruma, ningemtoa kwa ufagio. Hakuniambia. Nikampa andazi, akalila akiwa amesimama. Nikajikuta namwambia avae kofia, masikio yatakatika.

Februari 26

Sikumwambia Yvette. Nikimwambia, atashindwa kulala, na mfupa huunga mtu akilala.

Februari 28

Hilo la juzi nililiandika kujidanganya. Mfupa hauungi.

Machi 4, Jumanne

Nimekwenda kwenye ukumbi. Naandika hivi ijulikane: nilikwenda kusema. Nilivuka daraja la stesheni, nikapanda treni na bakuli la sambusa mapajani, nikamwambia Yvette nataka kumwona akifanya mazoezi kabla sijafa. Kiingereza changu ni cha kununulia nyanya. Nilijua nitahitaji mdomo wa Shelina, na nilikuwa tayari kuuomba.

Nikakaa safu ya tatu. Nimemwona Yvette jukwaani mara nyingi, lakini kwa mbali, na mavazi na taa. Leo nilisikia miguu yake. Watu wa mbali hudhani hawa wanaelea. Hawaelei. Wanatua, na mbao zinalia, na pumzi zao unazisikia.

Mjane anambeba mume wake aliyekufa. Anambeba mgongoni mwanaume mzima, amelegea kama gunia, na kila anayekuja kumpokea anamkwepa. Anazunguka naye. Anacheza naye. Mwishoni anasimama juu ya ncha ya mguu mmoja, na maiti inateleza taratibu kutoka mgongoni mpaka chini, na yeye hayumbi, anabaki pale juu peke yake. Mguu anaousimamia ni wa kushoto.

Nimeona maiti zikibebwa njiani kutoka Fizi mpaka ziwani. Nimebeba yangu. Sijawahi kuona mtu akionyesha jinsi inavyokuwa mwili unapokutoka mgongoni na ukakuta bado umesimama. Nikatazama upande, Shelina yuko gizani pembeni, naye amesimama juu ya mguu wa kushoto. Katika ukumbi mzima ni sisi wawili tu tuliojua kile kidole kinabeba nini.

Wakapumzika. Shelina akaja, akaniamkia. Mkurugenzi wa kampuni akasikia. Ni mama mrefu mwenye nywele nyeupe, shingo kama ya korongo. Akashangaa kwamba binti huyu anajua lugha yangu. Akaja akainama mbele yangu, akasema maneno mengi polepole.

Shelina akatafsiri. "Anasema Yvette anaegemea kulia anapotua. Anauliza kama nyumbani yuko salama. Anakuuliza wewe kwa sababu Yvette hatasema."

"Anauliza yeye, au ni wewe?"

"Ni yeye, Bibi."

Jukwaani Yvette alikuwa amekaa ametupa mgongo, anafungua utepe wa kiatu. Mgongo ulikuwa umenyooka. Nilimfundisha mimi kukaa hivyo, tulipokuwa tukipanga foleni ya unga.

"Mwambie yuko mzima," nikasema. "Mwambie mjukuu wangu ni chuma."

Shelina hakumgeukia mkurugenzi. "Bibi. Nitatafsiri utakachosema. Sitaongeza, sitapunguza."

"Tafsiri."

Akatafsiri. Najua alitafsiri sawasawa, maana yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yakapoa. Kisha akala sambusa. Akala mbili.

Machi 7

Mguu umevimba. Maji ya chumvi mara tatu.

Machi 9

Kanisani. Nimeuombea mguu. Msamaha sikuomba, niliona bado mapema.

Machi 11

Yvette amesema, "Bibi, nikifika Jumamosi nitakununulia koti." Nikamwambia koti ninalo.

Machi 13, Alhamisi, na ninaandika siku ya pili yake

Lilikuwa zoezi la mwisho, na mavazi yote, na wapiga vyombo. Mimi sikuwepo. Chepkoech alinipeleka hospitali kwa gari lake, akinishika goti kila tukisimama kwenye taa. Niliyoyajua nilielezwa na Shelina kwenye korido, akiwa na rangi za jukwaani usoni.

Yvette alifika mpaka mwisho. Alisimama juu ya ule mguu. Maiti ikaanza kuteleza. Ilipofika kiunoni mwake, mfupa ukakatika. Ulisikika. Wapiga vyombo walioko chini ya jukwaa waliacha kupiga, mmoja akadhani uzi wa fidla umekatika. Na Yvette, asema Shelina, hakuanguka mara moja. Alihamia mguu wa kulia, akamalizia. Akangoja pazia. Ndipo akakaa chini.

Mifupa miwili. Ule wenye ufa ulipokatika, ulimvuta jirani yake. Watatia vyuma na skrubu. Daktari ni kijana, alieleza kwa upole, na Shelina alitafsiri kama alivyotafsiri siku ile, bila kuongeza wala kupunguza: ufa ulikuwa wa siku nyingi. Ungewekwa kwenye buti wiki sita, mwezi wa tano angekuwa anacheza, na angecheza miaka minne, mitano. Sasa atatembea. Pengine atakimbia kidogo. Juu ya kidole hatasimama tena.

Nikamwuliza daktari, kama angeletewa mwanzo wa Februari? Shelina akanitazama kabla ya kutafsiri. Daktari akasema ndiyo, Februari ingetosha.

Nikaingia kwa Yvette. Amelala, mguu umening'inizwa, uso umekauka.

"Lia, mama," nikamwambia. "Lia sasa. Hakuna anayetufukuza."

Akaniangalia.

"Sijui watu wanaanzaje," akasema.

Machi 15, Jumamosi

Shelina ameifungua. Jina lake ndilo lililoandikwa.

Machi 16

Leo zile wiki sita zimeisha.

Machi 19

Mkurugenzi alikuja nyumbani na maua makubwa, akakaa na Yvette wakiongea Kiingereza. Nilijua wamefika wapi, maana Yvette aligeuza shingo akanitazama. Mama wa watu alipoondoka, Yvette akaniita.

"Anasema alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba uko mzima. Kwamba ni chuma."

Nilikaa kwenye kiti nikisubiri. Nilitaka anitukane. Nilitaka anitupie kile chombo cha maua, kilikuwa karibu na mkono wake. Mtu akikutukana mnaweza kuanza upya.

"Asante, Bibi," akasema. Na alimaanisha. Akarudisha macho kwenye simu.

Nikaenda jikoni nikafungua maji ya bomba yamwagike tu.

Machi 20

Sijamkanda. Mguu umefungwa plasta.

Machi 23, Jumapili

Shelina amekuja kumsalimia Yvette. Yvette amegeukia ukuta akajifanya amelala. Nikamkalisha binti jikoni, nikaona anavyoshusha mguu wa kulia kama anayeweka yai.

"Lete huo mguu."

"Si kitu, Bibi. Ni uchovu."

"Lete."

Nikaupitisha kidole kwenye ugoko. Mfupa umepoa wote, isipokuwa mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati. Pana moto. Nikabonyeza. Macho yake yalifanya kama ya Yvette Februari ile.

"Zimebaki mara tatu tu," akasema. "Ijumaa, Jumamosi mchana, Jumapili. Halafu nitaenda kwa daktari, wallahi. Usiseme, Bibi. Mimi nilinyamaza kwa ajili yenu."

"Ulinyamaza kwa ajili yako."

"Na kwa ajili yenu pia."

Hilo kweli. Nikamtia mguu kwenye maji ya chumvi, nikaukanda kwa mawese, nikampa sombe, nikamwambia avae kofia. Alipofika kwenye lifti nikachukua simu ya Yvette mezani, nikabonyeza namba ya yule mama mwenye shingo. Nilikuwa na maneno manne ya Kiingereza, nikayatoa yote: Shelina, mguu, mfupa, basi. Akauliza, nikayarudia. Basi, basi.

Nilipogeuka, Yvette alikuwa ameketi kitandani, macho yanang'aa. Anacheka. Hajacheka siku kumi.

"Mke mwenzangu," akasema, "sikujua una roho kama hiyo."

"Mtoto ana ufa."

"Najua. Ndiyo maana nakupenda." Akauvuta mkono wangu akaubusu. Mkono uliokuwa bado na mawese ya mguu wa mwenzake.

Machi 24

Wamempiga Shelina picha ya mfupa. Ufa wa kweli, umeanza tu. Buti wiki sita. Ngoma wamempa msichana wa tatu, ambaye jina lake sijalishika.

Machi 30, Jumapili

Leo ngoma imechezwa mara ya mwisho. Kanisani wanawake walikuwa wamekwisha kusikia, Yvette ametuma ujumbe kila mahali. Walinipokea mlangoni kama bibi harusi. "Mama, umelipiza!" mmoja akanambia, akanipiga mgongo. Nikawaambia sikulipa kisasi, nilizuia mfupa usikatike. Wakakubali kwa vichwa, kama unavyomkubalia mtoto anayesema hakula sukari.

Mchana simu yangu ikalia. Sauti ya mwanamke mzee, Kiswahili cha pwani, kimenyooka kama pasi imepita juu yake.

"Naitwa Dolat. Ni bibi yake Shelina. Nazungumza na bibi yake Yvette?"

"Ndiye."

"Mjukuu wangu siku saba hali chakula. Anasema umemnyang'anya ngoma. Daktari anasema umemwokoa mguu. Mimi nimwamini nani?"

"Waamini wote wawili, dada."

Akavuta pumzi. "Basi ahsante kwa mguu. Lakini nina swali, na mimi ni mzee, sitaki kulala nalo. Wangu ulimshika mara moja tu ukapiga simu. Wako ulimkanda mwezi mzima ukijua. Kwa nini?"

Yvette alikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi. Nikaufunga kwa kiwiko.

"Kwa sababu wako simpendi kiasi cha kusema uongo kwa ajili yake," nikasema.



"Basi Mungu akupunguzie mapenzi," akasema Dolat, na simu ikakatika.

"Nani huyo, Bibi?" Yvette akauliza kutoka kitandani.

Nikamwambia wamekosea namba.